Mkanda wa Pilipili

Jumamosi, 8 Machi

Naanza kuandika leo kwa sababu ya mama watoto. Jana nilikuwa nawasimulia wageni ile safari yangu ya lori la mahindi, jinsi mkanda wa feni ulivyokatika porini nikavua mshipi wa suruali nikaufunga kwenye injini, nikaendesha kilomita mia, mkono mmoja kwenye usukani na wa pili umeshika suruali isinivuke. Mama watoto akakohoa. Akasema mbele za watu, "Mwaka jana zilikuwa hamsini."

Dawa yake ni kalamu. Shule niliachia darasa la sita, si kwa ujinga, bali mwalimu wa hesabu alikuwa ananionea wivu. Kuandika najua. Kuanzia leo kila ninachofanya kitakuwa na tarehe yake, tuone atakohoa nini.

Na jambo la kuandika limeshapatikana. Uani kwa dada yangu mkubwa, nyumba ya pili kutoka kwangu, kuna gari la mume wake, shemeji yangu, aliyefariki mwaka juzi. Ni kigari kifupi, chekundu, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu kama mdomo wa kiboko. Umbo la panya, injini ya simba. Shemeji alikuwa akiliita Pilipili. Kwa umri wake lingekuwa mtu lingeshakuwa na wajukuu, lakini enzi zile lilikuwa likipita barabarani unasikia upepo kwanza, gari lenyewe unaambiwa limeshafika.

Dada anataka kumpa Mizani, yule mnunuzi wa vyuma chakavu anayetembea na mizani yake begani. Binti yao, mpwa wangu, hataki. Amepata kazi ya ualimu mbali, shule ipo huko ambako basi hupita likijisikia, na anataka aende na gari la baba yake. Wamebishana mama na mwana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana hivi: mpwa anaondoka Jumamosi ya tarehe 26 Aprili. Siku hiyo gari likitoka uani kwa nguvu zake lenyewe, ni lake. Lisipotoka, Mizani atalichukua vipande vipande.

Fundi mmoja alishalitazama. Alisema lisiwashwe kabisa mpaka ubadilishwe mkanda wa taimingi, ule unaounganisha puli ya juu ya injini na puli ya chini, pamoja na vyote unavyozunguka navyo, maana mpira umeoza kwa kukaa. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, vyuma vya ndani vinagongana na gari linakuwa kabati.

Mpwa akanipigia simu. "Mjomba, shikamoo. Naomba unitafutie fundi mzuri."

"Marahaba. Fundi ndiye unayeongea naye."

"Mjomba, una uhakika?"

Nina uhakika gani tena? Nipo kwenye kinu cha kusaga nafaka mwaka wa kumi na sita. Mikanda niliyobadilisha, ukiiunganisha inafika mwezini na inabaki ya kufungia mzigo. Mkanda ni mkanda. Mchana mmoja tu, kazi imekwisha.

Jumapili, 9 Machi

Mvua.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Masika yameamua kuanza siku niliyoamua kuanza mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeshona viroba vya unga nikatengeneza paa juu ya pua ya gari. Kazi safi, hata ndege hapenyezi mate. Jirani wa dada ni kinyozi, banda lake limepakana na ua, na kiti cha wateja amekiweka kikitazama dirisha la uani. Sasa watu wananyolewa huku wananitazama mimi. Kinyozi akapaza sauti, "Mzee wa kinu, hicho ni kibanda cha chipsi au gereji?"

Nikamjibu kwamba nywele ni nyasi tu, hata mbuzi anazipunguza.

Jumamosi, 15 Machi

Boliti ya puli ya chini imegoma. Spana ya kwanza imepinda. Nikachukua bomba kinuni, nikalichomeka kwenye mpini wa spana ya pili, nikapanda juu yake kwa miguu yote miwili nikaruka. Boliti haikutikisika. Mimi ndiye niliyetikisika, nikachuna vifundo vya mkono wa kulia kwenye radieta mpaka nyama ikaonekana. Kinyozi akaja na ile spiriti yake ya kupaka visogo, akanimwagia bila kuniambia. Sikulia. Mvua ilikuwa inaninyeshea usoni.

Dada alitoka na ndoo, akasimama akatazama, akarudi ndani. Hakusema pole. Huyu dada yangu moyo wake tangu amfukie mumewe umekuwa jiwe la kusagia.

Jumapili, 16 Machi

Boliti imetoka. Siandiki nilifanyaje, ni siri ya kazi, ila Kinyozi alinishikia bomba.

Baada ya hapo ilikuwa mteremko. Nimefungua kifuniko, nikalegeza kile kigurudumu kinachokaza mkanda, nikauchomoa mkanda wa zamani, pap, kama navua soksi. Umepasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Wateja wawili wa Kinyozi walikuja kutazama, mmoja ana sabuni kidevuni. Nikawazungushia puli ya juu kwa mkono waone ilivyo nyepesi. Ilipofika mahali ikaruka yenyewe kama mtu aliyeshtuliwa. Nikawaambia hiyo ndiyo afya.

Halafu nikasafisha. Kazi yangu si ya watu wachafu. Puli ya juu ilikuwa na grisi na doa jekundu pembeni, na doa jingine kama hilo kwenye kava la nyuma yake, nadhani watoto walichezea rangi. Nikasugua kwa thina mpaka vyote vikang'aa kama sinia la harusi.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Kinuni hakuna mteja, mahindi ya watu yamelowa. Tajiri, mwenye kinu, amekaa mlangoni anahesabu matone.

Jumamosi, 22 Machi

Nilikwenda duka la spea kuchukua vile vyote: mkanda mpya, kigurudumu cha kukaza, puli ndogo ya kati na pampu ya maji. Kijana wa dukani amevaa miwani, kila kitu anaangalia kwenye kompyuta. Akaniuliza injini ya ukubwa gani. Nikamwambia kubwa. Akauliza kubwa kiasi gani. Nikamwambia kama ungemjua marehemu usingeuliza.

Nimefika uani, kigurudumu hakiingii. Ni cha gari kama hili hili lenye injini ndogo. Nimerudi dukani na mvua, wamefunga.

Jumapili, 23 Machi

Mpwa amepiga. "Mjomba, tumefikia wapi?"

"Tumebakiza kukaza tu."

"Siku ile ulisema mchana mmoja."

"Mchana wa masika ni mrefu, mama."

Akacheka, akasema ananiamini. Sikupenda alivyolisema hilo neno. Limenikaa kifuani kama ugali wa moto.

Jumamosi, 29 Machi

Kigurudumu kimebadilishwa, kimeingia. Pampu ya maji ya zamani kuitoa, boliti moja imekatikia ndani ya injini. Nusu mkononi mwangu, nusu imebaki humo inanicheka. Nimetukana kwa lugha tatu na mbili sizijui.

Jumapili, 30 Machi

Bado imo.

Jumatatu, 31 Machi

Bado imo. Mama watoto ameuliza kama nahamia kwa dada nichukue na godoro.

Jumatano, 2 Aprili

Imetoka, kwa msaada wa fundi wa kuchomelea, nisingependa kumtaja sana.

Leo kinuni beringi ya mashine imeshika moto. Moshi ukatanda, mama mmoja akakimbia akaacha debe lake. Tajiri anadai niliukaza mno mkanda wiki iliyopita. Nimemwambia mkanda wa kinu usipolia umelegea, hiyo ni kanuni, hata mtoto wa kinu anaijua. Akasema, "Ulikuwa unalia tangu Jumatatu, nikadhani ni mbwa." Tajiri hajui kitu. Beringi ilikuwa na ajali yake.

Jumamosi, 5 Aprili

Pampu mpya imekaa. Nimemwaga maji ndani kuijaribu, ikavuja, nimeifungua tena. Ilikuwa gasketi, niliigeuza.

Dada alitoka kuanua nguo mvua ikianza. Akasimama nyuma yangu na nguo begani.

"Mdogo wangu, mkanda uliutoaje?"

"Kwa mkono. Usiwe na wasi, Dada. Unalikumbuka lile lori la mahindi? Kilomita mia na hamsini, mshipi wa suruali..."

Akaingia ndani nikiwa bado porini na lile lori. Mtu anayesubiri chuma chakavu hawezi kusikiliza habari za ufundi. Nimeshajua anaomba nini usiku: Mizani aje.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua kubwa. Paa la viroba limechanika, injini imelowa, mimi nimelowa, mkanda mpya nimeuficha kifuani ndani ya shati kama kifaranga. Wiki mbili zimebaki.

Jumamosi, 19 Aprili

Naandika yote, hata yale ambayo ningependa yasiwe na tarehe.

Asubuhi jua lilitoka. Nikaona hiyo ndiyo siku. Puli ya kati nimefunga, kigurudumu nimefunga, nikauvisha mkanda mpya. Uliingia kwa shida lakini uliingia. Nikaukaza kwa kanuni ya kinu, mpaka ukawa kama waya. Nikarudisha betri. Nikamwita Kinyozi, akaja na wateja wake, mmoja amenyolewa nusu kichwa. Mizani naye akapita, akatua mizani yake chini akasema, "Mimi nimepita tu." Anapita tu, na kona ya nyumbani kwake iko upande mwingine wa mji.

Nikatoa hotuba fupi. Niliwakumbusha lori la mahindi. Kisha nikaingia garini, kiti cha shemeji kimebonyea vilevile alivyokaa yeye, nikachomeka ufunguo.

Dada akatoka jikoni na beseni la vyombo. Hakuharakisha. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza kama nimekula:

"Umeizungusha kwa mkono kwanza?"

"Nini?"

"Injini. Kwa spana, puli ya chini. Mizunguko miwili kabla ya kugusa ufunguo."

Watu wakanitazama. Nikasema injini ya kisasa haizungushwi kwa mkono, sisi hatusukumi mkokoteni. Mizani akacheka, na kicheko chake kikanikera kuliko swali la dada. Kama angecheka mwingine ningewasha. Lakini kwa ajili ya kumnyamazisha Mizani nikashuka, nikachukua spana, nikaanza kuzungusha puli polepole, huku nawaeleza kwamba nafanya hivi kwa heshima ya mwenye nyumba tu.

Haikufika hata nusu ya mzunguko. Ikagota. Chuma kwa chuma, tik, sauti ndogo kama ya meno.

"Kaza mkono," akasema yule wa nusu kichwa.

"Usiguse," akasema Dada. Ameshaweka beseni chini. "Ukisukuma unavipinda. Hapo pistoni imekutana na valvu. Ungewasha, sasa hivi Mizani angekuwa anapima."

Nikasema labda kuna kokoto.

Dada akaja akainama pembeni yangu, akatazama puli ya juu, akapitisha kidole pale nilipopang'arisha. Akanigeukia.

"Madoa yangu yako wapi?"

"Madoa gani?"

"Mekundu. Moja hapa kwenye puli, moja pale kwenye kava. Yanatakiwa yatazamane."

Kinyozi alitazama angani. Hata yeye ana huruma siku nyingine. Nikamwambia Dada kwamba nilisafisha. Nikamwambia kwa thina. Akauliza na mkanda niliuchomoa yakiwa yametazamana au vipi, nikasema mkanda niliuchomoa pap.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Ile ilikuwa rangi yangu ya kucha. Shemeji yako alikuwa akibadilisha mkanda mimi ndiye nashika tochi, na kila akibadilisha ananiomba kichupa."

"Sasa kwa nini hukuniambia, Dada? Tangu Machi unapita hapa na ndoo."

"Uliniuliza? Tangu Machi umenisimulia lori la mahindi. Juzijuzi nilitaka kukwambia, ukanijibu kwa suruali."

Watu wakaondoka mmoja mmoja. Mizani aliokota mizani yake akasema kwa upole wote, "Basi mpaka Jumamosi." Nimefika nyumbani mama watoto amenitazama usoni na hakukohoa.

Jumapili, 20 Aprili

Nilikwenda asubuhi kwa nia ya kumwambia Dada tuite fundi. Nilikuwa nimeshapanga maneno, kwamba nina mgongo, kwamba kinu kinanihitaji. Nikamkuta ameshatandika kiroba ubavuni mwa gari, amevaa suruali ya shemeji, mguu umekunjwa mara kadhaa, na tochi mkononi.

"Alama za kiwandani zipo," akasema. "Madoa yalikuwa ya kusaidia macho tu. Utoe huo mkanda."

Nikautoa. Akanionyesha kwenye puli ya juu kitobo kidogo ukingoni, nilichodhani ni kovu la ajali, na mshale mdogo umechorwa kwenye kava la nyuma. Hivyo viwili vitazamane. Hiyo ni juu. Ya chini, alisema, haiko kwenye puli, iko kwenye lile gurudumu kubwa la ndani linaloshikana na giaboksi, na linaonekana kwa tundu moja tu lenye kizibo cha mpira, chini, ambapo mtu mzima lazima alale.

"Nilale mimi," nikasema.

"Wewe zungusha. Huko chini nalala mimi tangu ujana wangu."

Mvua ikaanza, nyembamba ya kuudhi. Dada akalala juu ya kiroba, kichwa chini ya gari, akachomoa kizibo akamulika. Mimi nikazungusha puli ya chini kidogo kidogo, sikupumua, kila ikionyesha kugoma narudi nyuma kama alivyonielekeza. Kinyozi hakuwa na wateja, akaja akamshikia mwavuli miguuni.

"Endelea. Kidogo. Kidogo. Simama."

Nikasimama. Nikasubiri. Mvua inapiga kwenye mwavuli. Nikafikiri labda ameumia.

"Dada?"

"Ipo," akasema.

"Alama?"

"Doa langu. Humu thina yako haikufika. Bado lipo, jekundu vilevile." Sauti yake ilitoka chini ya gari kama inatoka kisimani. "Alilipaka kwa kijiti cha kiberiti. Nikamwambia unanimalizia rangi, akasema atanunua nyingine."

Kinyozi akauhamishia mwavuli kwenye uso wake, ingawa uso ulikuwa chini ya gari na haulowi.

Alikaa humo muda. Alipotoka alijifuta kwa mkono wa nyuma, akaacha mstari wa grisi shavuni. Akasema kila asubuhi akifungua dirisha gari linamtazama, na kila asubuhi alitaka liondoke. "Liondoke zima au liondoke vipande, nilikuwa sijaamua. Jana uliposhika ufunguo ndiyo nikajua."

Nimemwandika humu vibaya, tarehe 15 Machi na 5 Aprili. Siyafuti, nimeshafuta vya kutosha masika haya.

Tumeuvisha mkanda upya, alama zikitazamana juu na chini. Tumezungusha kwa mkono mizunguko miwili. Haikugota. Zikarudi kutazamana. Kukaza kwa mwisho tumeahirisha, mvua ilizidi.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Tajiri amenikatalia ruhusa.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimekaza mkanda peke yangu jioni, Dada akiwa sokoni. Nimekaza sawasawa. Kifuniko nimerudisha. Nisionekane kila kitu naongozwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Mpwa amefika asubuhi na mabegi na kibegi cha vitabu. Mrefu kama baba yake. Amenisalimia, ameliona gari, akaweka kiganja juu ya boneti kama anapima homa. Mizani alikuwa ameshafika kabla yake, amekaa kwenye ngazi ya Kinyozi, ananyolewa ndevu kwa gharama ya matumaini.

"Mjomba, washa wewe," akasema mpwa.

Nikawasha. Pilipili likakohoa, likatoa moshi, likashika. Mwezi mzima na nusu nilikuwa nimeusubiri mlio ule. Kinyozi akapiga makofi kwa mkasi na kitana. Mpwa akaruka, akamkumbatia mama yake. Watu wakaniita fundi. Wengine walisema mkubwa wa mafundi, na mimi sikuwasahihisha.

Ila chini ya ule mlio kulikuwa na mwingine. Mwembamba, unapanda nikikanyaga mafuta, unashuka nikiacha. Unalia.

Hakuna aliyeusikia. Watu waliosimama pale wanajua nywele, chuma chakavu na chaki. Mimi sikio langu lina miaka kumi na sita ya kinu. Mlio ule ule tajiri alidhani ni mbwa, na Jumatano yake beringi ikashika moto. Kwenye kinu beringi ikiungua tunafunga, watu wanarudi na mahindi yao. Kwenye gari hili ikiungua, mpwa wangu yupo barabarani peke yake, huko ambako basi hupita likijisikia.

Mpwa alikuwa ameshafungua mlango wa abiria anaingiza mabegi. Angetoka dakika ile gari lingekuwa lake, na mimi ningekuwa fundi mpaka nakufa. Wangenizika hivyo.

Nikazima.

"Vipi?" akauliza Kinyozi.

"Bado."

"Bado nini, na limewaka?"

"Mkanda nimeukaza mno. Unalia."

"Si wewe uliyesema mkanda usipolia umelegea?"

Huyu Kinyozi kila nilichosema anacho. Nikamwambia hiyo ni ya kinu. Mpwa akanitazama, begi mkononi, na uso ukaanza kubadilika taratibu. Mizani akasimama, akajipangusa nywele shingoni. "Makubaliano yalikuwa litoke. Halijatoka."

Dada akamtazama Mizani juu mpaka chini. "Makubaliano yalikuwa leo. Leo imekwisha?"

"Haijaisha, mama."

"Basi kaa chini. Au shika tochi."

Akashika tochi. Nimeandika vizuri: Mizani alishika tochi, na mizani yake ikaning'inia kwenye nguzo ya paa langu la viroba mpaka alasiri. Tulifungua kifuniko. Nikalegeza kigurudumu. Dada akaushika mkanda kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, katikati ya upande mrefu, akaupinda. "Unatakiwa ukubali kupindwa mpaka usimame kwa ubavu, hapo tu. Ukigoma umekaza. Ukipita umelegea. Shika mwenyewe." Nikashika. Uligoma. Nikalegeza, nikapinda, ukapita. Nikakaza. Mpwa naye akashika, ajue, maana huko hakuna mama wala mjomba. Mvua ikaja ikaenda. Vidole vyangu vinene havikuwahi kushika kitu kwa adabu namna ile.

Uliposimama kwa ubavu na kuishia hapo, Dada akaingia ndani akarudi na kichupa. Rangi ilikuwa imekauka nusu, akaitia tone la thina yangu. Akampa binti yake kijiti cha kiberiti. Doa moja kwenye puli, doa moja kwenye kava, kitobo na mshale vikiwa vimetazamana.

Tukazungusha kwa mkono. Nikawasha. Nikainamisha sikio juu ya injini mpaka Kinyozi akasema nitasagwa. Injini ilinguruma tu, nzito, hakuna kinacholia.

Mpwa aliendesha mwenyewe. Mizani ndiye aliyefungua geti, akaliinamia kidogo likipita kama mtu anayepitwa na msafara. Kwenye kona likapigwa gia, tukasikia ile sauti ya zamani, na Dada akaweka mkono mdomoni. Lilipopotea tulibaki tunatazama pale uani, mstatili mkavu ambao mvua haikuwahi kuugusa.

"Sasa nitaanika wapi nguo zangu," akasema Dada, na ua mzima ukiwa mtupu mbele yake.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua imekwisha. Mpwa amepiga, amefika salama, amesema kilima cha kwenda shuleni malori yanampisha.

Dada amenipa kile kichupa. "Kaa nacho. Mkanda huo nao utazeeka."

Leo kinuni tumetoa ile beringi ya kuazima, tumefunga mpya na mkanda mpya. Mkanda wa kinu hauna juu wala chini, hata ukiuvisha umelewa unasaga. Nikatia doa moja kwenye kila puli vilevile. Kisha nikaupinda kwa vidole viwili, nikalegeza kidogo, nikawasha. Unga ulitoka na mkanda haukulia.

Tajiri akaja akaniuliza madoa mekundu ni ya nini. Nikamwambia avute kiti, hayo mambo yanataka mtu aliyekaa. Nikaanzia kwenye lori la mahindi, mkanda wa feni ulipokatika porini nikavua mshipi wa suruali. Kilomita mia mbili. Nimeshaandika hapa, na tarehe ipo, mama watoto asije akakohoa.